Twende Ziwa Nyasa na Babu Asiyeona

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako, au katika nyumba ya jirani yako, yuko mtu ambaye macho yake yamezimika. Labda ni babu, labda ni mama mkubwa, labda ni kijana. Asubuhi huongozwa mpaka barazani, akaketishwa juu ya kiti au mkeka. Mchana huletewa ugali na mboga. Jua likichwa huongozwa tena ndani. Hapigwi, hatukanwi, halali na njaa. Watu wakipita husema, "Huyu mzee anatunzwa vizuri." Lakini hebu muulize mwenyewe: ni lini mara ya mwisho alikwenda mahali kwa sababu tu mahali penyewe panapendeza? Wengi watakujibu kwamba safari zao ni mbili tu, kanisani na hospitalini.

Leo nataka kukuonyesha safari ya tatu. Ni safari ya kutoka Mbinga, katika milima ya Umatengo, kuteremka mpaka Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kazi yake ni kuvua samaki na kufurahi, basi. Tutakwenda na babu. Nasema babu kwa mfano tu. Wewe weka mtu wako mahali pake.

KABLA YA KUONDOKA

Neno la kwanza: babu mwenyewe aulizwe. Watu wengi huwapangia wasioona mambo yao kama wapangavyo viti, hapa akae, pale alale, wala hawaulizi neno. Mwambie, "Babu, tunataka kwenda ziwani kuvua. Tungependa twende nawe. Waonaje?" Akikataa msimlazimishe. Huenda anaogopa maji, au zaidi anaogopa kuwa mzigo. Mpeni siku chache za kufikiri, kisha mrudieni.

Neno la pili: hakikisheni kwamba macho yake yamepimwa hospitalini. Wazee wengi hupofuka kwa mtoto wa jicho, yaani kioo kilicho ndani ya jicho kinapofanya ukungu, na ugonjwa huo huponywa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu. Itakuwa aibu kumpeleka babu ziwani akasikilize mawimbi tu, kumbe angeweza kuyaona. Lakini ikiwa mganga amekwisha kusema kwamba macho hayatarudi, msikae mkingoja tena. Macho yamekwisha, maisha bado.

Neno la tatu: vitu vya safari. Chukueni mshipi wa kuvulia, ndoana za ukubwa mbalimbali, vijiwe au vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, kofia pana, sweta kwa ajili ya alfajiri, maji ya kunywa na chakula. Babu achukue fimbo yake. Tena achukue mzigo wake mwenyewe, hata kama ni mdogo. Mtu asiyebeba chochote safarini hujiona yeye ndiye mzigo.

JE, ATAWEZA?

Najua utakaloniambia. "Bwana, huyu hata uani hafiki bila kushikwa mkono, wewe unataka kumtia mashuani?" Sikiliza basi.

Mwaka 1969 kikundi cha vijana wasioona wa Afrika ya Mashariki kilipanda mlima Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa meta 5,895. Hawakubebwa. Walikwenda kwa miguu yao, kwa fimbo, na kwa maneno ya wale waliowaongoza.

Tena yuko Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza macho mwaka 1995 akiwa kijana. Katika michezo ya Paralimpiki kule Sydney mwaka 2000 alikimbia mbio za meta 5,000, mkono wake umeunganishwa na mkono wa kiongozi wake. Kiongozi huyo alikuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu karibu na mwisho. Unajua lililotokea? Asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona mpaka kwenye mstari, wakapata nishani ya dhahabu. Tena hiyo haikuwa dhahabu yake ya mwisho. Mwaka 2004 kule Athens alipata nyingine mbili.

Na kuhusu uvuvi wenyewe, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani vyama vya Lions kwa miaka mingi vimewakusanya wasioona kwa mamia, vikawapeleka pwani kuvua samaki kwa mashindano. Huko hakuna anayeshangaa kumwona asiyeona ameshika mshipi. Kwa nini sisi tushangae, ambao tunalo ziwa mlangoni?

Wazee walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Methali hii hatuisemi ili kumtuliza aliyepofuka tu. Inatuonya na sisi tunaokaa naye. Macho huuliwa na ugonjwa, lakini moyo mara nyingi huuliwa na watu wa nyumbani, nao hawajui kwamba wanaua.

NJIANI

Haya, tumeondoka. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa 66 hivi, na siku hizi barabara ni ya lami. Wenye umri wataikumbuka njia ya zamani, jinsi magari yalivyokwama katika tope wakati wa masika. Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012.

Katika gari mketishe babu dirishani. Usicheke. Watu hudhani kwamba dirisha ni la wenye macho tu, wakamtia asiyeona katikati kama gunia. Upepo, harufu na sauti vyote huingia kwa dirisha, na kwa hivyo yeye hulihitaji kuliko wewe.

Mwanzoni mnapita katika milima ya Wamatengo. Kama ni mwanzo wa mvua na kahawa imechanua, babu ataijua kabla hujasema neno, kwa maana ua la kahawa lina harufu tamu ijazayo bonde zima. Kama ni wakati wa mavuno atanusa maganda ya kahawa yanayochacha karibu na mashine za kumenyea. Mweleze mashamba ya ngoro yaliyotanda katika miteremko, mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta, mengi mno, mfano wa sega la nyuki. Ukikosea kueleza atakusahihisha, maana huenda amechimba ngoro miaka arobaini. Mwache aeleze: jinsi majani yanavyolazwa kwa mistari inayokatana, jinsi udongo unavyochimbwa katikati na kufunika majani, na jinsi mashimo hayo yanavyozuia maji ya mvua yasichukue rutuba. Angalia, safari haijafika hata nusu, na tayari mwenye macho anafundishwa na asiyeona.

Kisha mtavuka mito. Kama dereva ni mtu mwema, mwombeni asimame kidogo karibu na daraja, mzime mtambo na kusikiliza. Maji ya milimani hayatembei, hukimbia. Yanapiga mawe na kunguruma. Mngurumo huo ni mzuri, lakini katika mkoa wetu wa Ruvuma una habari ya huzuni. Katika maji yaendayo kasi namna hii ndimo anamozaliwa inzi mdogo mweusi aitwaye usubi. Huuma mchana, na kwa kuuma huku na huku huwapa watu vijidudu vinavyokaa chini ya ngozi. Wana wa vijidudu hivyo huwasha mwili, wakiingia machoni huharibu macho polepole, mpaka mtu akapofuka. Ugonjwa huo nao tunauita usubi, na watu wa kando ya mito ya Ruvuma wameujua kwa uchungu.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya Mectizan kwa kadiri itakavyohitajiwa duniani, na baadaye ikaanza kugawiwa kijiji kwa kijiji, hata kwetu. Umepata kuona jinsi mtu anavyosimamishwa kando ya ufito wenye alama, akapimwa urefu ili ijulikane apewe vidonge vingapi? Ndiyo hiyo. Dawa huua wana wa vijidudu, lakini vijidudu wakubwa huweza kuishi katika mwili miaka kumi na zaidi, wakaendelea kuzaa. Kwa sababu hiyo hutakiwi kusema, "Nilimeza mwaka juzi, yatosha." Wagawaji wa dawa wakipita, umeze kila mara. Watoto wadogo walio chini ya miaka mitano, wenye mimba na wagonjwa mahututi hawapewi. Wengine karibu wote hupewa. Babu aliyepofuka kwa usubi hawezi kurudishiwa macho kwa dawa hii, lakini mjukuu wake anayesimama naye darajani anaweza kuhifadhi ya kwake.

Endeleeni. Njia inashuka na kupinda. Ziwa liko meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari, nanyi mmetoka mahali palipo juu yake kwa zaidi ya meta 800. Babu ataanza kuvua sweta. Masikio yataziba kidogo. Harufu ya kahawa imekwisha, imekuja ya mihogo iliyolowekwa, ambayo ndiyo chakula cha watu wa ziwani. Na baada yake, harufu moja isiyodanganya mtu: dagaa waliotandazwa juani. Hapo hahitaji kuambiwa. Atasema mwenyewe, "Tumefika."

UFUKONI

Mkishuka garini, usimsukume babu kutoka nyuma, wala usimvute kwa fimbo yake. Mwache yeye akushike wewe, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Kwa njia hiyo mwili wako humwambia kila kitu: ukipanda anajua, ukishuka anajua, ukisimama anasimama.

Chunga ulimi wako pia. Kiswahili chetu kimejaa maneno "hapa", "pale", "kule" na "hivi". Kwa asiyeona maneno hayo ni matupu. Sema, "Kuna jiwe hatua tatu mbele yako, linafika magotini," au, "Maji yako mkono wako wa kuume." Ukizoea kusema namna hii siku moja tu, utaona kwamba wewe mwenyewe umeanza kutazama vizuri zaidi, kwa maana huwezi kumweleza mtu kitu ambacho hukukitazama.

Wenyeji watakuja kusalimu. Wanyasa ni watu wakarimu. Lakini huenda mtu akakuuliza wewe, "Mzee huyu atakunywa chai?" Usijibu kwa niaba yake. Sema kwa upole, "Muulize mwenyewe, anasikia." Mtu atamgeukia babu na kusema, "Shikamoo, mzee, utakunywa chai?" Jambo ni dogo, lakini limemtoa babu katika kuzungumzwa, likamtia katika mazungumzo.

Sasa mwonyeshe ziwa. Utalionyeshaje? Kwa miguu kwanza. Avue viatu, akanyage mchanga mkavu unaounguza, kisha mchanga mbichi ulio mgumu, kisha povu la wimbi. Halafu kwa sauti. Ufukoni mwa Mbamba Bay kuna majabali makubwa. Ageukie majabali apige ukelele, naye atasikia sauti yake ikirudi. Kisha ageukie ziwa apige ukelele uleule. Hakuna kitakachorudi. Hapo ataujua ukubwa wa ziwa kuliko kwa tarakimu. Lakini tarakimu pia mpe, wazee huzipenda: urefu wa kilometa 580 hivi, kina kinachopita meta 700, la tatu kwa ukubwa katika Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, nalo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote jingine duniani. Na wengi katika samaki hao wana ajabu yao: mama huweka mayai kinywani mwake, na watoto wakizaliwa hukimbilia mumo humo wanapotishwa.

Mkipumzika chini ya mwembe msimulie na habari za mahali. Kaskazini ya hapo iko Liuli, penye jiwe kubwa la Pomonda, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia huko na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Wajerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza, na huyo aliyempiga alikuwa rafiki yake wa siku zote. Hayo yalikuwa miongoni mwa mapigano ya meli ya mwanzo katika Vita Kuu ya kwanza. Hadithi kama hii humpa asiyeona picha ambayo hata sisi wenye macho hatuioni tukitazama jiwe tu.

KUVUA

Basi tuvue. Uvuvi wa mshipi ni kazi ya vidole, si kazi ya macho. Yule mvuvi hodari unayemwona amekaa mashuani hatazami mshipi wake. Labda anatazama milima, labda amefumba macho. Kidole chake cha shahada ndicho kinachotazama.

Fungeni fundo dogo katika mshipi kila baada ya pima moja. Babu akiuteremsha atahesabu mafundo, naye atajua ndoana yake iko pima ngapi chini. Ndoana msiziache ovyo. Zichomekeni katika gunzi la hindi, zikae kwa safu, ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, ili azipate bila kuchomwa. Kisu, chambo na kopo la kutilia samaki, kila kimoja kiwe na mahali pake, na kikitumiwa kirudi palepale. Mvurugeni mtu asiyeona kwa kuhamisha vitu vyake, mtakuwa mmempofusha mara ya pili.

Chambo kinategemea samaki: donge la ugali, minyoo, au dagaa mmoja. Anzeni juu ya jabali au ufukoni. Mashua itakuja baadaye. Babu aketi imara, mshipi upite juu ya kidole. Mwambieni maneno machache, kisha mnyamaze. Huu ndio wakati mgumu kwenu, kwa maana mtataka kumshikia. Msimshikie. Atachelewa kuvuta, samaki atakwenda na chambo. Vema. Atatia chambo kingine. Mara ya tano au ya kumi kidole kitajifunza kutofautisha: wimbi huvuta polepole na kuachia, kisamaki hudonoa kama kuku, samaki wa haja hudonoa mara moja, hutulia, kisha huondoka na mshipi.

Akimpandisha, amtoe ndoana yeye mwenyewe, mkimwonya juu ya miiba. Mpeni nafasi ya kumjua kwa mikono. Kambale hana magamba, anateleza, ana ndevu, na mapezi yake ya ubavuni yana mwiba wa kuumiza. Magege ni mpana, magamba yake ni makubwa, na mgongoni ana safu ya miiba. Mbasa ni mrefu, magamba yake madogo, laini kama kitambaa. Huyo ndiye fahari ya ziwa hili, naye hupanda mito, ukiwamo Ruhuhu, kwenda kutaga. Baada ya samaki wachache babu atawaita kwa majina kabla ya mjukuu wake.

Mkilala huko usiku usio na mbalamwezi, mpelekeni tena ufukoni. Ndiyo saa ya wavuvi wa dagaa. Wamekwenda mbali na taa zao, na dagaa, ambao wengine huwaita usipa, hufuata mwanga. Wewe utaona taa kama mji juu ya maji. Yeye atasikia makasia yanavyogonga ubavu wa mtumbwi, watu wakiitana, mtu akipiga mluzi. Kumbuka kwamba huko nje, mbali na taa, wale wenye macho nao huifanya kazi yao kwa kupapasa na kwa kuitana. Katika giza lile babu si mgeni. Ni mwenyeji.

Bibi asiyeona naye asiachwe nyumbani. Huenda hapendi mshipi, bali kando ya ziwa kuna kazi ya kuanika dagaa, kuwachambua na kuimba, nayo ni ya mikono na ya kinywa. Na kama una mtoto aliyerudi likizo kutoka shule ya wasioona, mwacheni acheze maji penye kina kifupi, mkono wa kaka yake ukiwa karibu. Mtoto huyo husikia "Usikimbie! Utaanguka!" tangu asubuhi mpaka jioni. Majini akianguka haumii.

YA KUANGALIA

Haifai kuficha hatari. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini uitwao mwera huvuma kwa nguvu, na ziwa huinuka ghafula. Wakati huo msitoke na mashua kwa ajili ya starehe. Mara nyingi Septemba na Oktoba maji hutulia zaidi. Hata hivyo waulizeni wavuvi wa hapo kila asubuhi, na wakisema hapana, iwe hapana.

Msimpandishe babu katika mtumbwi mwembamba wa gogo. Tafuteni mashua pana ya mbao, aketi chini katikati, na kila mmoja, mwenye macho na asiye na macho, avae jaketi la kuokolea. Kabla ya kuondoka apapase mashua yote toka mbele mpaka nyuma, ajue ukingo uko wapi. Mtu mmoja awe na kazi moja tu, kuwa karibu naye.

Epukeni midomo ya mito, kwa maana huko kuna mamba na viboko. Msikae katika maji yaliyotulia penye matete, kwa ajili ya kichocho. Onaneni kwanza na viongozi wa wavuvi wa ufuko huo, mpate ruhusa na kujua sheria. Na msitumie chandarua kuvulia, kwani imekatazwa, tena hukomba hata watoto wa samaki.

KITOWEO

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, lile lililonifanya nikuandikie haya yote. Babu amepata samaki watatu. Sio wengi. Sokoni ungenunua zaidi kwa fedha kidogo. Wapasue, wapake chumvi, wafunge, lakini fungu hilo abebe yeye mpaka nyumbani.

Fikiri kwamba kwa miaka sita, kumi, au ishirini mtu huyu amekuwa akipokea tu. Amepokea chakula, maji, nguo, pole. Kila siku amesema "asante" mara ishirini, na hakuna mtu aliyemwambia yeye "asante" hata mara moja. Zamani alikuwa baba mwenye nyumba; jioni aliingia na kitu mkononi, watoto wakamkimbilia. Tulimwonea huruma, tukamnyang'anya kazi moja baada ya nyingine ili asichoke, na pamoja na kazi tukamnyang'anya na heshima yake, wala hatukujua.

Leo anaingia mlangoni na samaki mkononi. Anasema, "Mama, kitoweo hiki." Mke wa mwanawe anapokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante, baba." Watoto wanataka kujua alivuaje, naye anaeleza mpaka ugali unaiva. Samaki wataliwa usiku huo wakaisha. Hadithi itadumu miezi, na kesho huenda akaomba jembe, au akaomba apukuchue mahindi, kwa sababu amekumbuka kwamba mikono yake ina kazi.

Usiseme, basi, kwamba safari hii ni anasa ya matajiri. Nauli na chakula ndivyo gharama yake, na watu wakishirikiana hupungua. Watu wa jumuiya moja wanaweza kukodi gari dogo pamoja: wasioona watatu au wanne, kila mmoja na ndugu wa kumwongoza, na mvuvi mmoja mwenye subira wa kuwapokea Mbamba Bay. Chama cha Wasioona Tanzania kina wanachama wake mikoani. Waulizeni nao, kwa maana wao wenyewe ndio wanaojua wapendalo. Kila tarehe 15 Oktoba huadhimishwa Siku ya Fimbo Nyeupe, siku ya wasioona duniani kote. Imeangukia vizuri kwetu, katika miezi ambayo ziwa letu limetulia.

Anza leo jioni. Kaa karibu na mtu wako, mpe kipande cha mshipi mkononi, na umwombe akufundishe kufunga fundo. Mengine yatafuata.